Naomba ushauri: Je, Dragon's Dogma 2 unamfaa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na muda mchache?

Mwalimu_Arua

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu mchezo ambao kila ninaposoma maoni ya watu juu yake nazidi kukosa uamuzi. Ni Dragon's Dogma 2 wa kampuni ya Capcom ya Japani, uliotoka tarehe 22 Machi 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series X na S, na kompyuta za Windows. Wahakiki waliusifu, na mwishoni mwa mwaka huo ukawa miongoni mwa michezo iliyoteuliwa kuwania tuzo ya mchezo bora wa kuigiza uhusika katika The Game Awards. Lakini katika duka la Steam wachezaji wenyewe waliupokea kwa hasira tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoapa kwamba hakuna mchezo mwingine unaoufikia kwa safari na mapigano, na wapo wanaosema unamchosha mtu kwa makusudi ili baadaye umuuzie nafuu.

Mimi ni mwalimu hapa Arua, na muda wangu wa kucheza ni jioni baada ya kusahihisha madaftari, pamoja na Jumapili mchana. Nimetoka kwenye Skyrim na The Witcher 3. Katika michezo hiyo nilipenda kutembea polepole, kuingia mapangoni na kuwasikiliza watu wa vijijini, lakini ramani iliniruhusu kuruka hadi mji wa mbali pale nilipokuwa na haraka, nami niliitumia ruhusa hiyo bila kusita. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600, RAM ya GB 16, na kadi ya picha ya GTX 1070 niliyoinunua ikiwa imetumika. Mdogo wangu aliye kidato cha tatu anaitumia kompyuta hiyohiyo, naye anautamani mchezo huu kuliko mimi.

Bei ya dola 69.99 uliyotoka nayo ni takriban shilingi 250,000 zetu za Uganda, na hizo si fedha za kujaribia. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama mtu wa muda mchache ataufurahia, kama mashine yangu itaumudu, na kama habari za kuuziwa vitu ndani ya mchezo ni za kweli. Zaidi ya hayo, umeme huku kwetu hukatika bila taarifa, kwa hiyo ningependa kujua mchezo unahifadhi vipi maendeleo ya mchezaji.

Msafiri_wa_Ntinda

Karibu sana, mwalimu. Nitaanza na swali lako la muda, kwa kuwa ndilo lililowagawanya watu kuliko jingine lolote, hata pale wanapolitaja kwa jina tofauti.

Mchezo huu umejengwa juu ya safari ya kwenda na kurudi. Wewe ni Arisen, mtu aliyenyang'anywa moyo na joka, na unatembea katika nchi mbili, Vermund ya binadamu na Battahl ya watu wenye sura za jamii ya paka, ukifuatana na wafuasi watatu ambao mchezo unawaita Pawn. Mmoja wao unamuumba mwenyewe. Wawili unawakodi, na hao wameumbwa na wachezaji wengine duniani. Kuruka kwa ramani kupo, lakini kila mruko unatumia jiwe moja liitwalo Ferrystone, ambalo bei yake madukani ni dhahabu 10,000, fedha nyingi sana kwa anayeanza, na huwezi kutua isipokuwa mahali penye jiwe la kutulia liitwalo Portcrystal, nazo ni chache. Ipo mikokoteni ya ng'ombe inayounganisha kijiji cha Melve, mji mkuu wa Vernworth na mji wa mpakani, lakini hata hiyo huvamiwa njiani, na griffin, dude lenye mabawa, akiishukia huivunja vipandevipande. Mara nyingi, basi, utatembea kwa miguu.

Mwongozaji wake, Hideaki Itsuno, alieleza kabla mchezo haujatoka kwamba safari huchosha pale tu mchezo wenyewe unapochosha, na ukizitazama barabara zake unaona kwamba alilimaanisha neno hilo. Kila chupa ya dawa na kila kipande cha nyama kina uzito, na mzigo ukizidi unakimbia polepole na pumzi inakata upesi. Kila unapojeruhiwa, sehemu ya uhai wako hupotea kwa namna ambayo dawa wala uchawi haviwezi kuirudisha mpaka ulale, iwe kambini au katika nyumba ya wageni, na kwa sababu hiyo baada ya kila pambano unalazimika kupima kama usonge mbele au ugeuze njia. Usiku ni giza la kweli, taa inatumia mafuta, na wafu huinuka kandokando ya njia.

Katika hali hiyo, mkiwa mmechoka na jua linazama, anatokea cyclops, jitu lenye jicho moja, bondeni. Mfuasi mmoja anamkata miguuni, mwingine anamrushia moto, nawe unampanda mgongoni hadi kichwani ulifikie lile jicho. Anayumba, anaanguka juu ya korongo, na unagundua kwamba mwili wake umekuwa daraja. Hakuna aliyekuandalia tukio hilo kwa ajili yako. Limezaliwa na uzito wa miili, mahali mliposimama na saa mliyochelewa kurudi. Mtu akiniuliza kwa nini naupenda mchezo huu, namweleza hilo kwanza.

Kwa jioni zako, saa moja inatosha kwa safari moja kutoka mjini hadi pangoni na kurudi, mradi usijilazimishe kumaliza kazi ya watu kila unapokaa. Anayeihesabu barabara kuwa kizuizi kati yake na hadithi atateseka, na sitamlaumu.

Fundi_wa_Jinja

Mwalimu, mashine yako imesimama juu ya mstari wa chini kabisa uliotangazwa na watengenezaji: Ryzen 5 3600 au Core i5-10600, RAM ya GB 16, na GTX 1070 au RX 5500 XT yenye GB 8. Mstari unaopendekezwa unataja Ryzen 5 3600X na RTX 2080. Ona kwamba prosesa hizo mbili za AMD hazipishani sana, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba kadi ndiyo ya kuangaliwa peke yake, ilhali mzigo mkubwa wa mchezo huu uko kwenye prosesa.

Capcom wenyewe walieleza kwamba prosesa hupewa kazi nyingi kwa kila mhusika aliye karibu nawe, kwa kuwa inakokotoa mwendo wake na jinsi mwili wake unavyogusana na mazingira, na kwamba wahusika wengi wakikusanyika mahali pamoja fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde, zinaweza kushuka. Hivyo porini mchezo unaweza kwenda vizuri, kisha ukaingia Vernworth sokoni ukaanza kusuasua hata kwa mtu mwenye kadi ya gharama kubwa. Ukipunguza ubora wa vivuli na majani unaipumzisha kadi, lakini mzigo wa prosesa unabaki palepale. Maboresho yaliyotolewa mwaka 2024, hasa ya mwezi Septemba, yalisaidia, lakini kwa vifaa vyako panga kucheza kwa fremu 30 kwa sekunde, na mjini uvumilie chini ya hapo.

Usiniamini mimi wala mwingine, pima mwenyewe. Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Shida ni kwamba wengi huzimaliza saa hizo wakichonga pua na kuchagua rangi ya nywele. Wiki chache kabla ya mchezo kutoka, Capcom walitoa bure programu ya kuumba wahusika peke yake. Itumie kumtengeneza Arisen wako na mfuasi wako mkuu, kisha ukinunua mchezo wahusika hao unawaingiza wakiwa tayari. Baada ya hapo fuata hadithi moja kwa moja hadi Melve, panda mkokoteni wa ng'ombe, ufike Vernworth na uzunguke sokoni mchana watu wakiwa wengi. Kama unavyokwenda hapo unakuridhisha, kwingine kutakuridhisha zaidi.

Kuhusu umeme, nunua betri ya akiba, hata ndogo ya kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Mchezo hujihifadhi wenyewe mara kwa mara, na huweka pia kumbukumbu ya pili kila unapolala katika nyumba ya wageni. Kumbukumbu hizo mbili ndizo ulizonazo, na hakuna nafasi ya tatu, kwa hiyo lala mjini mara nyingi uwezavyo.

Dada_wa_Gulu

Nimeyasoma maelezo ya kaka yangu wa Ntinda na sina ugomvi na lile daraja la cyclops, kwa kuwa mambo ya namna hiyo hutokea kweli. Lakini mwalimu ameuliza kuhusu fedha zake, na ana haki ya kusikia upande wa mtu aliyeumaliza mchezo huu na asiyeweza kumshauri aununue kwa bei kamili.

Barabara hiyo mnayoisifu ina wakazi wachache mno. Unakutana na vibwengo waitwao goblin, unakutana na harpy, wanawake wenye mabawa, unakutana na watu-mijusi na majambazi, kisha unakutana nao tena. Zimebadilishwa rangi na nguvu zao, lakini namna ya kuwashinda ni ileile. Ukiipita njia moja kwa mara ya kwanza unafurahi. Unaporudi kwa njia hiyohiyo kupeleka barua, na wale goblin wamerudi kwenye kona ileile, swali la muda wako linakuwa na jibu tofauti kabisa. Mchezo unaomtaka mtu atembee sana unadaiwa vitu vingi vya kukutana navyo kuliko michezo mingine, na deni hilo Dragon's Dogma 2 haukulilipa lote.

Hadithi nayo inaanza na jambo zito. Katika Vermund yuko mtu aliyewekwa kujifanya Arisen, na malkia Disa yuko nyuma ya mpango huo, nawe Arisen wa kweli unaingia mjini kwa kujificha. Mwalimu aliyezoea The Witcher 3 atatarajia fitina hiyo ikue na kumlazimisha achague upande. Haikui. Unahamia Battahl, nyuzi za mwanzo zinaachwa zikining'inia, na watu uliowafahamu wanatoweka katika simulizi kabla hujajua wanataka nini. Kwa mtu anayecheza kwa ajili ya wahusika na maneno yao, upungufu huu ni mkubwa kuliko wa fremu.

Lipo pia suala la kazi zenye muda. Kuna mtoto aliyechukuliwa na mbwamwitu ambaye ukichelewa humkuti hai. Naielewa nia yake, lakini kwa mtu anayecheza saa moja jioni na kuacha siku mbili, ni rahisi sana kusahau nani alisema nini. Mwalimu, weka daftari kando ya kompyuta.

Tena Itsuno aliondoka Capcom mwishoni mwa Agosti 2024. Usiununue kwa matumaini ya sura za ziada zitakazokuja kuijaza hadithi. Ununue kwa jinsi ulivyo leo.

Msafiri_wa_Ntinda

Dada yangu, kuhusu uchache wa maadui nakubaliana nawe, na hata kuhusu Disa. Ila hilo la kusahau nani alisema nini ningependa lisihesabiwe kuwa kasoro pekee, maana mchezo unakudai kumbukumbu kwa makusudi na mara nyingine unakulipa kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Mtazame Sphinx, kiumbe wa mafumbo aliye katika hekalu la milimani. Anakutegea mafumbo, na moja linakutaka urudi mahali hasa ulipookota kitu kidogo cha kwanza cha aina fulani, kitu ambacho karibu kila mchezaji hukiokota saa za mwanzo bila kukitilia maanani. Hakuna alama kwenye ramani. Unakaa kitako unazikumbuka njia zako zote tangu mwanzo, unamkumbuka hata ng'ombe aliyekuwa amesimama karibu na ile nyumba. Mchezo ambao ungekuonyesha mshale kila hatua usingeweza kuliuliza swali hilo, kwa sababu mchezaji wake asingekuwa ameitazama nchi.

Wafuasi nao wana kumbukumbu. Mfuasi uliyemkodi akiwa ameshaimaliza kazi fulani katika dunia ya bwana wake, atakuambia kwamba anaifahamu njia, na ukimruhusu atakutangulia. Kwa mtu mwenye jioni fupi msaada huo ni mkubwa, na ninakushauri ukodi wafuasi wa namna hiyo kila unapopotea.

Mwalimu_Arua

Nawashukuru sana nyote. Dada wa Gulu, umenigusa hasa hapo kwenye The Witcher 3, kwa kuwa wahusika wake ndio waliobaki nami, na naona nitalazimika kuuendea mchezo huu kwa matarajio mengine. Kaka wa Jinja, nimeinukuu njia yako ya kupima.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni mdogo wangu, kwa sababu nasikia mchezo una nafasi moja tu ya kuhifadhi. Tutacheza vipi wawili? La pili ni hiyo Dragonsplague, ugonjwa ambao wengine wanausimulia kama kwamba unaua mji mzima. Naomba ufafanuzi, pamoja na lile swali la vitu vinavyouzwa.

Mzee_wa_Bombo

Mwanangu, nitajibu yote matatu, na nitaanza na vitu vinavyouzwa, kwa kuwa hapo ndipo uongo na ukweli vilichanganywa.

Siku mchezo ulipotoka, watu waliikuta kwenye Steam orodha ndefu ya vitu vidogo vya kununua kwa fedha halisi: mawe ya kufufulia wafu, Rift Crystal za kukodia wafuasi, kitabu cha kubadili sura, ufunguo wa kutorokea gerezani, hema la kambi. Ukiitazama orodha hiyo mtu ameshalipa dola 69.99, hasira ni ya haki, na sioni sababu ya kuitetea kampuni. Lakini ilienezwa kwamba Capcom wanauza uwezo wa kuruka kwenye ramani, na hilo si sahihi. Ferrystone hazikuuzwa kamwe kwa fedha halisi. Kilichouzwa ni Portcrystal moja, mahali pa kutua, na huwezi kununua ya pili. Karibu vitu vyote vilivyomo katika orodha hupatikana ndani ya mchezo kwa kucheza tu, na vingi hupatikana kwa urahisi. Usinunue hata kimoja, na mfundishe hivyo mdogo wako kabla hajaigusa kompyuta.

Nafasi ya kuhifadhi ni moja kwa kila akaunti, yaani Arisen mmoja. Mwanzoni hata kuanza upya hakukuruhusiwa kwenye menyu, na Capcom waliliongeza chaguo hilo baada ya malalamiko. Hata sasa, kuanza upya kunafuta safari iliyopita. Kwa hiyo msicheze ndugu wawili kwenye akaunti moja mkidhani kila mmoja atakuwa na safari yake. Mmoja atamfutia mwenzake, na ugomvi wa nyumbani hautakuwa mdogo.

Dragonsplague ni ugonjwa wa wafuasi, na huambukizwa kutoka kwa mfuasi mmoja hadi mwingine mnapokutana na wageni. Dalili zake ni macho yanayong'aa kwa wekundu, kushika kichwa kana kwamba kinauma, na kiburi katika kujibu amri. Ukizipuuza ukaenda kulala mjini, usiku mfuasi wako anageuka na kuwaua wakazi, na asubuhi unaamka katika mji wa maiti, wakiwemo watu ambao bado ulikuwa na kazi nao. Mchezo unakuwa umeshajihifadhi. Kinga ni rahisi: mtazame kila mfuasi machoni kabla ya kulala. Aliyeambukizwa, kama ni wa kukodi, mwache aende zake. Kama ni wako mwenyewe, mtupe kwenye kina cha maji, amezwe na kile kiumbe chekundu kiitwacho Brine, kisha umwite tena kwenye jiwe la Rift, mahali pa kuitia wafuasi, akiwa mzima. Masasisho ya baadaye yalipunguza kasi ya maambukizi na kuzifanya dalili zionekane wazi zaidi.

Kijana_wa_Busia

Ninaongeza moja kwa sababu ya mdogo wako. Kwenye PS5 kila mtumiaji wa mashine ana hifadhi yake, hivyo ndugu wawili wanacheza kwa diski moja, kila mmoja na Arisen wake. Diski pia huuzwa tena ukiichoka, na zilizotumika huwa nafuu. Kama kuna ndugu au rafiki mwenye PS5 huko Arua, jaribuni kwake kwanza.

Mwalimu_Arua

Asanteni sana. PS5 sina wala jirani yangu hana, kwa hiyo nitabaki kwenye kompyuta. Nimeamua kutoununua kwa bei kamili. Nitasubiri punguzo, na Arisen atakuwa wangu hadi nimalize, kisha mdogo wangu ataanza upya. Nimemweleza, amekubali kwa shida, na ameomba angalau aruhusiwe kumuumba mfuasi mkuu. Nimempa ruhusa hiyo.

Limebaki la kupakua. Mchezo una makumi ya GB, na vifurushi vya intaneti huku vinakwisha kabla ya wiki.

Fundi_wa_Jinja

Punguzo lipo la kusubiri. Katika mauzo ya misimu ya Steam mchezo huu umeshashushwa hadi nusu ya bei. Uweke kwenye orodha yako ya matamanio, nao watakutumia taarifa.

Kwa kupakua, mtafute mtu wa kuaminika Kampala mwenye intaneti isiyo na kikomo naye anamiliki mchezo huu. Anakili folda yake ya mchezo kwenye diski ya nje na kuituma kwa basi. Ukishanunua kwa akaunti yako, iweke folda hiyo mahali Steam inapohifadhi michezo, kisha ubonyeze kusakinisha. Steam itazikagua faili zilizopo na kupakua zile tu zilizopungua. Fanya ukaguzi huo usiku bila kuufungua mchezo, kwa kuwa saa zako 2 za majaribio huanza kuhesabiwa pale unapoufungua.

Na mdogo wako amuumbe huyo mfuasi awe Mage, yaani mchawi. Mwanzoni mtahitaji mtu wa kuwaponya kuliko mtu mwingine wa upanga.